Rasilimali Ilikuwa Mzigoni, Si Mpagazini

Mwezi Julai nilikwenda Choma, wilayani Igunga, kumzika shangazi yangu. Siku ya kuondoa matanga tulikaa chini ya mwembe pamoja na baba mkubwa, mzee aliyefundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na sita na ambaye hadi leo humsahihisha mtangazaji wa redio kwa sauti kubwa kana kwamba mtangazaji anamsikia. Akaniuliza siku hizi ninafundisha somo gani huko chuoni. Nikamjibu, kwa fahari kidogo, kwamba ninafundisha usimamizi wa rasilimali watu. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na hao watu, mwanangu, huchimbwa wapi?"

Wazee walicheka, nami nikacheka nao kwa adabu. Lakini swali halikuwa la mzaha. Igunga inapakana na Nzega, na kule Lusu watu waliona kwa macho yao dhahabu ikichimbwa kwa miaka kama kumi na mitano, kisha mgodi ukafungwa na shimo likabaki. Kwa mtu wa Choma rasilimali ni dhahabu, ni maji ya bwawa, ni msitu wa miombo unaoteketea kuwa mkaa. Ni kitu kisicho na kauli. Hupimwa, hukadiriwa, huvunwa, na kikiisha hakuna anayekiuliza kilikuwa na maoni gani. Kwa miaka kumi na minne nimesimama mbele ya wanafunzi nikilitamka neno hilo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza alichoniuliza mzee yule. Mimi mwenyewe, pamoja na shahada yangu ya uzamivu, sikuwahi kujiuliza.

Ndugu msomaji, hasa wewe uliye katika utumishi wa umma, na wewe uliye darasani ukikariri dhana muhimu za somo hili kwa ajili ya mtihani: tunafundisha upangaji wa ikama, uajiri, mafunzo, motisha, tathmini ya utendaji na nidhamu. Zote ni dhana halali. Ila dhana iliyo msingi wa nyingine zote tumeiacha mlangoni, nayo ni haki ya mfanyakazi kuutua mzigo na kusema kwamba hauchukui tena mpaka wazungumze. Babu zetu wa Unyanyembe waliijua dhana hiyo kabla ya chuo kikuu chochote kufikiria kuitungia somo. Sisi tumeisahau, na usahaulifu huo una wanaofaidika nao.

Tuanze na neno lenyewe. Rasilimali limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kichwa cha mali, yaani mtaji. Mfanyabiashara wa karne ya kumi na tisa aliyetaka kwenda bara alikopa rasilimali kwa matajiri wa Unguja. Mtaji huo ulikuwa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba. Ulifungwa mizigo, kila mzigo kiasi cha kilo thelathini hivi, ukatwishwa mabegani na vichwani, ukaondoka Bagamoyo kuelekea Mpwapwa, Ugogo, hadi Tabora na Kwihara, na kutoka hapo Ujiji au kaskazini kwenye ziwa. Rasilimali, basi, ilikuwa mzigoni. Aliyeubeba mzigo alikuwa na jina lake, mpagazi, na alikuwa mtu wa ujira. Hakuna mfanyabiashara wa wakati ule, hata awe mkatili vipi, ambaye angechanganya mambo hayo mawili katika daftari lake la hesabu. Kitambaa kikiibwa ni hasara ya mtaji. Mpagazi akiondoka ni mtu ameondoka, na huenda alikuwa na sababu.

Katika njia ile alikuwako mtu wa aina moja tu aliyeandikwa upande wa mali, naye ni mtumwa. Tabora ya matajiri wa Kiarabu na ya watemi ilijaa watumwa, na sitaki mtu adhani ninaipamba njia ile. Ilikuwa njia ya ndui, ya njaa na ya minyororo. Ninachosema ni kwamba watu wa zama hizo walijua tofauti kati ya mtu anayebeba mali na mtu aliyegeuzwa kuwa mali. Sisi tunapomwita muuguzi wa zahanati rasilimali tumemwondoa katika safu ya mpagazi na kumhamishia katika safu ile nyingine. Najua kauli hii ni kali. Nimeipima, na ninaiacha ilivyo.

Wenzangu idarani hunijibu kwamba jina hili lililetwa kwa nia njema. Zamani, wanasema, mfanyakazi alihesabiwa kuwa gharama. Wakaja wanauchumi kama Gary Becker, ambaye kitabu chake kuhusu mtaji wa watu kilitoka mwaka 1964, wakafundisha kwamba elimu na afya ya mfanyakazi ni uwekezaji. Kwa hiyo kumwita rasilimali ni kumpandisha hadhi. Hoja hii ina uzito, na kwa miaka mingi niliifundisha. Lakini itazame kwa makini. Uwekezaji una mwekezaji, na mwekezaji huuliza faida yake. Anayewekeza kwa mwalimu wa Choma ni nani, na faida anayoidai inapimwa na nani? Mwalimu mwenyewe yuko wapi katika hesabu hiyo, zaidi ya kuwa ndiye shamba? Mwaka 1944 Shirika la Kazi Duniani lilikutana Philadelphia likatamka kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Miaka themanini baadaye tumekubali kwamba si bidhaa, tukaipeleka ghala la jirani.

Sasa turudi njiani, maana huko ndiko kwenye utajiri wa somo letu.

Kuna methali tunayoitupa hovyo: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Watu wa pwani huisema kwa kejeli, na sisi wa Tabora huipokea kwa tabasamu la uvumilivu. Methali hiyo imeacha nusu ya habari. Mnyamwezi hakupewa mzigo, alipatana. Wanyamwezi waliijua njia ya pwani na kuisafiri kwa biashara yao wenyewe, na walipoajiriwa na misafara ya wengine walikuja na desturi zao za kazi. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyechapisha mwaka 2006 uchunguzi mkubwa kuhusu wapagazi hawa, anawaonyesha kuwa wafanyakazi wa ujira wenye utamaduni wao wa kazi, wala si umati uliosukumwa kwa viboko. Waligawanyika katika kambi, kila kambi ikila na kulala pamoja. Walikuwa na kiongozi wa njia, yule kirangozi aliyetangulia na bendera. Walijua uzito wa mzigo unaokubalika na mwendo wa siku unaovumilika. Walijali pia majira ya kilimo, kwa sababu mpagazi alikuwa mkulima mwenye mke, watoto na shamba la mtama, na mvua haimsubiri tajiri. Vitabu vyetu sasa vinaliita jambo hilo uwiano wa kazi na maisha na kulinukuu kutoka ng'ambo.

Na walikuwa na posho. Hapa naomba utulie kidogo, maana neno hili lina masikitiko yake. Posho katika msafara lilikuwa chakula cha siku, au kitambaa na shanga za kununulia chakula hicho. Lilikuwa mbali na ujira. Ujira ulipatanwa kwa safari, ilhali posho ilidaiwa siku kwa siku, na pasipo posho hapakuwa na mwendo. Soma vitabu vya wasafiri wa Kizungu. Richard Burton, aliyetoka pwani na Speke mwezi Juni 1857 na kufika Tabora tarehe 7 Novemba, amejaza kurasa kwa kurasa malalamiko: wapagazi wavivu, wapagazi wakaidi, wapagazi wamekaa chini, wapagazi wamekimbia. Tumezoea kuyasoma malalamiko hayo kama ushahidi wa dharau ya mzungu, na dharau imo. Lakini yasome mara ya pili kama kumbukumbu za vikao. Mtu anayekaa chini na kukataa kuinua mzigo mpaka apewe posho yake anafanya majadiliano, na yule anayeandika kwa hasira usiku hemani ni mwajiri ambaye ameshindwa katika majadiliano ya siku hiyo. Henry Stanley aliwachapa na kuwafunga minyororo waliotoroka. Hata minyororo ile inatuambia kitu: hakuna anayefunga mnyororo jiwe. Alijua anashughulika na watu wenye miguu na akili zao.

Nitatoa mfano mmoja kutoka Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini Tabora, mahali ambapo watalii huonyeshwa nyumba ya Livingstone. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, ambao hawakuwa Wanyamwezi wala watu wa Tabora, waliamua kuupeleka mwili wake pwani. Mwajiri amekufa. Hakuna msimamizi wala mkataba unaowalazimisha, na uwezekano wa kupata hasara ni mkubwa kuliko wa kupata faida. Oktoba walifika Kwihara wakakutana na Luteni Cameron wa Uingereza, ambaye aliwashauri wauzike mwili huo hapo. Wakamsikiliza, wakakataa. Baadaye njiani, wenyeji walipochukizwa na maiti kupitishwa katika nchi yao, waliufunga mwili kama robota la vitambaa na kuupitisha kama mzigo wa kawaida. Februari 1874 walifika Bagamoyo baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Hapo wengi wao wakalipwa ujira wao, wakaambiwa kazi imekwisha.

Ninapolieleza tukio hili darasani, wanafunzi hulichukua kuwa hadithi ya uaminifu. Mimi nalichukua kuwa hadithi ya uamuzi. Watu wale waliweza kubeba mzigo usiobebeka kwa sababu walikuwa ni watu wanaoweza kumkatalia ofisa wa Kizungu uso kwa uso. Haki ya kukataa na moyo wa kujitoa vilikaa ndani ya kifua kimoja. Mameneja wetu wanataka hiki cha pili na kuadhibu kile cha kwanza, halafu wanaajiri mshauri elekezi aje awaeleze kwa nini watumishi hawana ari.

Kilichofuata ni karne ya kuwavua wafanyakazi uwezo huo, na historia hiyo imehifadhiwa katika maneno yetu wenyewe. Nyampara alikuwa mzee wa kambi, mtu wa wapagazi, aliyesema kwa niaba yao. Neno hilo hilo likaingia mashambani na gerezani likiwa nyapara, mtu wa mwenye shamba, mwenye fimbo. Msemaji wa wafanyakazi amegeuzwa kuwa msimamizi wao, na lugha imetunza kumbukumbu bila kutoa maoni. Wakati wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza kikaja kipande, kadi ya siku thelathini za kazi, ambayo mshahara haukulipwa mpaka ijae. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikauua upagazi wa masafa kama kazi ya hiari. Vita vya 1914 hadi 1918 vikaurudisha upagazi kama kazi ya shuruti, na wabebaji wakafa kwa makumi ya maelfu; jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wabebaji hao. Kisha magharibi yote ya Tanganyika ikawa chimbo la vibarua wa mkonge. Waliokwenda kwa mikataba waliitwa manamba, watu wa namba. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikwenda Tanga na kurudi, na katika maisha yake yote hakuwahi kutueleza namba yake ilikuwa ngapi. Tuliijua kwa sababu bibi alikitunza kile kibati.

Hebu sasa uniambie, msomaji, ile safari ya kutoka mpagazi hadi manamba ndiyo iliyomalizikia katika rasilimali watu, au ni mimi tu ninayeona hivyo?

Mtu atasema kwamba uhuru ulibadilisha haya. Ulibadilisha mengi, na sitaki kuwa mwanae asiye na shukrani. Lakini twende polepole. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1947 ulisafiri kwa reli ile ile kuelekea bara. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa mwaka 1955, na katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa, kijana aliyesoma Tabora, katika shule ile ambayo Waingereza waliianzisha ili kuwaandaa watoto wa machifu kuwa watawala, na ambayo Julius Nyerere naye aliipitia. Wafanyakazi waliibeba TANU mabegani. Mwaka 1962 Kawawa alikuwa Waziri Mkuu, na ni mwaka huo huo bunge lilipitisha sheria ya migogoro ya kazi iliyoufanya mgomo halali kuwa jambo lisilowezekana kwa vitendo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ilivunjwa na mahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi, ambacho katibu mkuu wake alikuwa ndiye Waziri wa Kazi. Nyampara akawa nyapara kwa mara ya pili, safari hii kwa wimbo wa taifa.

Mwalimu mwenyewe aliliona tatizo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara yake ya 15, uliwakataza viongozi ubabe, kiburi na dharau kwa wanaowaongoza. Wafanyakazi wakaisoma ibara hiyo, wakaiamini, na hapo ndipo matata yalipoanza. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, waliwafungia nje wenye kiwanda na kuendelea na uzalishaji. Issa Shivji ameieleza vizuri migogoro ile. Dola iliingilia kati na baadhi yao wakapoteza kazi. Ibara ya 15 ilikuwa nzuri mradi isisomwe na wale inaowahusu.

Leo tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, sheria ambayo katika karatasi ni bora kuliko nyingi za jirani zetu. Inautambua mgomo. Inautambua pia ukomo wake: wa afya, maji, umeme na wengine wa huduma za lazima hawagomi, na migogoro yao hupelekwa kwa mwamuzi. Sina ugomvi na hilo. Sitaki muuguzi amwache mama mjamzito mezani. Lakini unapomnyang'anya mtu haki ya kutua mzigo kwa sababu mzigo wenyewe ni uhai wa watu, unapaswa kumlipa haki hiyo kwa usikivu wa haraka, na usikivu wa haraka ndio usiokuwako. Walimu, ambao hawamo katika orodha ya huduma za lazima, waligoma mwaka 2012, na siku chache baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikautangaza mgomo wao kuwa batili. Tangu hapo sijaona wizara, chuo wala chama cha wafanyakazi kikikaa chini na kujiuliza kwa dhati walimu wale walitaka kusema nini.

Badala yake tumejenga mifumo. Mwaka 2004 ulikuja mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, OPRAS, na sasa umefuatwa na PEPMIS, ule wa kielektroniki. Nitakiri dhambi yangu mwenyewe hapa, kwa kuwa siwezi kuwashutumu wengine nikiwa nimejificha. Katika ofisi moja ambayo niliwahi kukaimu ukuu wa idara, nilijaza fomu za tathmini za watu kumi na mmoja katika alasiri moja. Malengo yalinakiliwa kutoka mwaka uliopita. Alama tulikubaliana kabla, ili asitokee mtu wa kukata rufaa. Kila mmoja alisaini mahali pa kusema kwamba tumefanya majadiliano ya wazi. Hakuna aliyekataa kusaini, na mimi niliripoti kutokuwapo kwa malalamiko kama dalili ya utulivu kazini. Msafara wa Burton, pamoja na kelele zake zote, ulikuwa na majadiliano ya kweli zaidi ya yale.

Sisemi mfumo wa kielektroniki hauna faida. Unaweza kumlinda mchapakazi dhidi ya bosi mwenye chuki. Lakini nimewasikia walimu wa vijijini wakieleza jinsi wanavyotafuta mtandao juu ya kichuguu ili waandike kwamba wamefundisha, kwa bando la fedha yao, kwa simu yao, huku uhamisho na malimbikizo waliyodai miaka mingi havina mahali pa kuandikwa kwenye mfumo huo huo. Mfumo una nafasi ya mwajiri kumuuliza mtumishi umefanya nini. Nafasi ya mtumishi kumuuliza mwajiri umefanya nini iko wapi? Kipande nacho kilikuwa na visanduku thelathini, na vyote vilikuwa vya upande mmoja.

Na posho? Neno la wapagazi limekwenda kuishi hotelini. Siku hizi posho ni bahasha ya kikao. Anayekaa kwenye kiti chenye mto akijadili changamoto za watumishi wa pembezoni huipata, na mtumishi wa pembezoni, anayetembea kutoka zahanati hadi kitongoji akiwa na kisanduku cha chanjo, huambiwa bajeti haijaruhusu. Mpagazi wa mwaka 1857 angekaa chini.

Lakini kinachonikera kuliko vyote ni hiki kinachoitwa kujitolea. Nilikuwa na mwanafunzi, binti makini, aliyehitimu shahada ya somo langu kwa alama za juu. Aliomba ajira kupitia Sekretarieti ya Ajira mara kadhaa, akaitwa kwenye usaili mara mbili katika umati wa mamia. Wakati akisubiri alikwenda kujitolea katika ofisi moja ya utumishi, ambayo sitaitaja. Kwa miaka miwili alifungua majalada, aliandaa likizo za watumishi, alipanga ikama, na alifundisha afisa mwenye mshahara jinsi ya kutumia kompyuta. Alilipwa nauli siku ambazo mkubwa wake alikumbuka. Kila mwaka aliniomba barua ya kumpendekeza, nami kila mwaka nikaandika kwamba ni mvumilivu. Tafakari hili: ofisi yenye jukumu la kusimamia haki za wafanyakazi ilikuwa ikiendeshwa na mfanyakazi asiye na haki hata moja, na profesa wake wa mambo hayo aliisifu hali hiyo kwa barua yenye nembo. Hata msafara ulio duni kuliko yote katika njia ya Tabora haukuthubutu kumwambia mtu abebe mzigo hadi Ujiji ili apate uzoefu.

Mwaka jana aliacha. Ana duka la nafaka Igunga mjini, na wazazi wake wanaona aibu kidogo. Nilipompigia simu alisema, "Mwalimu, nimetua." Nilianza kumweleza habari za subira, kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe, nikamuuliza bei ya mpunga.

Wanaonisoma kwa chuki watasema kwamba ninahubiri uvivu na migomo. Hapana. Ninachodai ni vitu vya kawaida kabisa. Kila halmashauri itundike ukutani, kama inavyotundika orodha ya wanaodaiwa kodi, orodha ya madai ya watumishi wake, kiasi na tarehe. Anayejitolea alipwe posho kwa maana ya zamani ya neno, chakula cha siku, au asipewe kazi ya mtu mwenye mshahara. Fomu ya tathmini iwe na sehemu ambayo mtumishi anamtathmini mkuu wake, na isisomwe na mkuu huyo peke yake. Na vyuo vyetu, kikiwamo Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho kina tawi hapo hapo Tabora, vifundishe dhana zote za somo na si zile zinazompendeza mwajiri tu. Sidai jambo geni. Mfano wa Harvard wa mwaka 1984, ambao kila mwanafunzi wangu ameuchora kwenye karatasi ya mtihani, una maeneo manne ya sera, na moja kati ya hayo ni ushawishi wa wafanyakazi katika maamuzi. Limo kitabuni. Ni sisi wahadhiri tunaofika hapo muhula ukiwa unaisha, tukasema mtajisomea wenyewe.

Mwezi uliopita nilipeleka idarani pendekezo la kubadilisha jina la kozi liwe "usimamizi wa watu na kazi". Nimejibiwa kwamba jina haliwezi kubadilishwa bila kupitia kamati tatu na Seneti, na kwamba soko la ajira limezoea jina lililopo. Sawa, jina libaki. Ila wiki ya kwanza ya muhula ujao haitaanza na Maslow. Itaanza na mzigo wa kilo thelathini, utawekwa juu ya meza mbele ya darasa, na kila mwanafunzi ataubeba hadi mlangoni na kurudi kabla hajanieleza maana ya neno motisha.

Baba mkubwa amenitumia ujumbe kwamba ana kitambaa cha kaniki cha kuufungia, na kwamba nauli ya kukileta ni juu yangu.